Majogoo wa kienyeji msiwamalize: barua kutoka Ballarat

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Makala yenu ya ufugaji ya mwezi uliopita, ile iliyowashauri wafugaji "kuondoa majogoo wote wa kienyeji" kabla ya kuingiza chotara, binti yangu alinitumia kwenye simu. Niliisoma nikiwa bandani na ndoo ya ngano mkononi. Nilipofika kwenye hilo neno "wote" nikaiweka ndoo chini, kuku wakaishambulia, nami sikuwafukuza.

Mimi ni mzaliwa wa Mkalama, Singida. Huu ni mwaka wangu wa 18 Australia, katika jimbo la Victoria, nje kidogo ya mji wa Ballarat ambako Julai maji ya kuku huganda asubuhi, nikayavunja kwa kisigino. Usiku nafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Mchana, nikishalala saa zangu nne tano, nafuga kuku wanaoitwa Langshan wa Australia. Naamini wasomaji wako wengi hawajawahi kumwona kuku huyo, kwa hiyo nianze naye.

Ni mrefu wa miguu, mgongo umeinama kati kama tandiko la punda, na upande wa nje wa miguu yake kuna manyoya machache, mithili ya mtu aliyevaa soksi zilizolegea. Aliye mweusi si mweusi wa masizi. Akisimama juani anatoa kijani kama mgongo wa mbawakawa. Yai lake ni la kahawia, na likiwa bichi, kabla halijapoa, lina wekundu wa zambarau kwa mbali, kama shavu la mtoto aliyetoka kulia. Asili yake ni wilaya ya Langshan huko China, karibu na mdomo wa mto Yangtze. Mwanajeshi mmoja Mwingereza, Meja Croad, aliwafikisha Uingereza mwaka 1872, nao wafugaji wa huku wakaja kuwachanganya na kuku wa Uingereza waitwao Orpington mpaka wakapata kuku wao. Wa aina nyingine ni bluu. Wazungu wanasema bluu. Mimi naona kijivu cha wingu la mvua, lakini nimechoka kubishana nao. Bluu kwa bluu hawazai bluu watupu: kwa wastani nusu ya vifaranga ni bluu, robo weusi, robo weupe wenye madoa. Ukiwataka bluu, sharti uwatunze na weusi.

Sasa nieleze kwa nini kuku adimu ana thamani ya pekee katika nchi hii. Australia hairuhusu kuingiza kuku hai. Anayetaka mbegu ya nje alete mayai, tena kwa kibali, yaanguliwe ndani ya kituo cha karantini cha serikali kilichoko Mickleham, kaskazini ya Melbourne, na gharama yake wanaiweza wenye makampuni, si mama mwenye mabanda matatu. Ng'ombe wana nafuu, kwa sababu kiinitete chao hugandishwa kikakaa miaka. Yai la kuku haligandishiki likabaki hai. Kwa hiyo mbegu ya kuku ikikatika huku imekatika, huwezi kuagiza nyingine. Ghala la mbegu ni banda la mtu fulani, na mtu huyo kwa kawaida ana mvi.

Ana mvi kwa sababu vijana wanakaa mjini, na halmashauri nyingi za miji huku haziruhusu jogoo. Mimi mwenyewe yalinikuta tulipokuwa tunaishi kwenye kitongoji cha mjini. Jirani alilalamika kwamba jogoo anawika saa kumi na moja alfajiri (alikuwa anawika saa kumi, jirani alinihurumia), nikaletewa barua ya kunipa siku 14 nimwondoe. Nilimchinja mwenyewe, nikampika kwa nazi ya kopo, na sahani sikuimaliza. Tetea huruhusiwa, wala haulizwi na mtu. Ndiyo maana nyumba nyingi za mjini zina matetea watatu wa mayai, na hakuna hata moja inayoweza kuendeleza mbegu.

Langshan nilipewa na mzee, na hapa, Mhariri, naomba usinikate.

Alikuwa miongoni mwa wazee ninaowahudumia zamu ya usiku. Nilimzoea nikawa namwita "mzee", naye akalizoea neno hilo akawa analiitika. Alikuwa ameshaanza kusahau. Jina la mkwewe lilimtoka, siku zilimchanganya, lakini saa tisa usiku akinishika mkono aliniuliza swali lilelile: "Wale wa bluu, wanataga?" Nami nilimjibu, "Wanataga, mzee." Nilikuwa namdanganya, maana sikuwajua. Niliona aibu kumdanganya mtu kila usiku juu ya kitu ambacho ningeweza kwenda kukitazama. Nikaomba ruhusa kwa familia yake, Jumamosi moja nikaendesha gari saa nzima hadi shambani kwake.

Mwanawe ni mtu mwema, sina la kumlaumu. Shamba lilikuwa linauzwa. Kuku walikuwa zaidi ya 60. Wengine walipelekwa mnadani na kuuzwa kwa matenga bila hata jina la mbegu kuandikwa, wengine walichukuliwa na majirani wakaliwa. Waliobaki ni matetea wanne na pora mmoja, yaani jogoo kijana, nao walikuwa wanalala juu ya trekta kwa sababu banda lilikwisha kung'olewa. Nilipewa wote na daftari moja ambalo panya walikuwa wameshalila pembeni. Ndani yake kuna safu za namba za pete, mama nani, baba nani, yai la kwanza lini, hati ya baba yake mzee ikifuatiwa na hati ya mzee mwenyewe. Familia moja iliwaweka kuku hao maisha mawili ya watu, halafu wakamalizika kati ya Jumatatu na Jumamosi.

Usiku ule alipouliza nilimjibu kwa mara ya kwanza nikiwa na ushahidi: "Mmoja ametaga leo, mzee, ndani ya boksi, kwenye kiti cha nyuma cha gari langu." Alicheka mpaka mwenzangu wa zamu akaja kutazama kuna nini.

Mwaka wa kwanza niliweka mayai 24 kwenye mashine ya kutotolesha. Wakatoka saba, mmoja mdomo umepinda. Ndipo nikaijua hesabu ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kunifundisha, na ambayo makala yenu haikuigusa kabisa. Ukiwa na jogoo mmoja na matetea 20, kwa macho una kuku 21. Kwa hesabu ya damu, kuku hao ni sawa na kundi lisilofika wanne, kwa sababu kila kifaranga nusu yake ni jogoo yuleyule. Zidisha majogoo kwa matetea, zidisha tena kwa nne, gawanya kwa jumla ya kuku. Ukiongeza majogoo wakafika watano kwa matetea walewale 20, unapata 16. Matetea hujawagusa, umewaacha majogoo wanne zaidi waishi, basi. Chukueni hesabu hiyo mkasome tena ule ushauri wa kuondoa majogoo wote.

Damu mpya niliifuata South Australia, kwa bwana mmoja karibu na Murray Bridge, zaidi ya kilomita 500 kwenda na nyingine hizo kurudi, jogoo akiwa ndani ya boksi la televisheni lililotobolewa matundu. Tangu hapo naendesha mabanda matatu: la bati, la mkaratusi na la tangi. Matetea wanabaki banda la mama yao. Mapora wanahamia banda linalofuata, kila mwaka, kwa mzunguko mmoja, hivyo hakuna pora anayekutana na dada yake. Vifaranga wakitoka tu, kabla hawajakauka vizuri, natoboa tundu dogo kwenye utando wa vidole vyao kwa kifaa kama kile cha fundi mikanda: tundu la kulia banda la bati, la kushoto banda la mkaratusi, yote mawili banda la tangi. Hawalii sana. Mimi hulia zaidi, maana macho hayaoni kama zamani na miwani inajaa ukungu.

Habari za mbweha nilikuwa nimeziandika ukurasa mzima, nimezifuta. Itoshe kusema kwamba mbweha hawakuwepo nchi hii hadi Waingereza walipowaleta karne ya 19 ili wapate mnyama wa kuwinda, na kwamba usiku mmoja mlango ulioachwa wazi ulinigharimu matetea 11.

Kilichonitisha kuliko mbweha ni Mei 2024. Mafua ya ndege ya aina ya H7 yalionekana katika shamba la kuku wa mayai karibu na Meredith, kama kilomita 40 kutoka kwangu. Baadaye yakatokea Terang, humuhumu Victoria, kisha New South Wales na eneo la mji mkuu, Canberra, kwa virusi vya H7 vya aina tofauti. Kuku zaidi ya milioni moja waliuawa. Sheria ni kwamba kirusi kikikutwa kwako, wote wanauawa, awe kuku wa dola 10 au wa mwisho wa ukoo wake. Wala siilaumu sheria. Ndiyo inayoizuia nchi isiteketee. Katika maeneo yaliyowekewa mipaka ya udhibiti, kuhamisha kuku, mayai, hata matenga, kulihitaji kibali. Niliwafungia wangu ndani, nikabadilisha viatu kila ninapoingia bandani, na usiku nikiwa kazini nikawa nawaza kwamba nimewatoa juu ya trekta nije kuwakusanya mahali pamoja pa kufia. Hali ilipotulia nikawagawa kwa wafugaji wa mbali: jogoo na matetea wawili Gippsland, wengine Mildura, wengine kwa yule bwana wa Murray Bridge. Sikuuza. Sharti lilikuwa moja tu, nikipoteza wangu wanirudishie mayai. Mayai ya kuatamisha husafirishwa kwa posta. Yakifika unayalaza saa 24, ncha iliyochongoka chini, yatulie na mtikisiko wa barabara, ndipo uyaweke kwenye joto.

Msomaji atauliza, haya ya Ballarat yanamhusu nini mfugaji wa Mkalama? Nianze na kuku anayemjua. Yule mweusi ambaye Tanzania tunamwita "Malawi" asili yake si Malawi. Ni Australorp, kuku wa Australia, ambaye serikali ya Malawi ilimsambaza vijijini kwa miaka mingi, naye akavuka mpaka akiwa na jina la jirani. Huku alitengenezwa kutokana na Orpington weusi wa Uingereza, na mwaka 1922 hadi 1923 matetea sita walitaga mayai 1,857 kwa siku 365, yaani zaidi ya mayai 309 kila mmoja, bila taa ya umeme. Wafugaji wa kawaida walimpata kwa kuchagua na kuandika daftari kama la mzee wangu. Hawakuanza kwa kuondoa majogoo wote.

Lakini kwa jambo moja Australia inatuonea wivu, hata kama hawajui. Kuku wa kienyeji wa kweli hawana. Kabla ya mwaka 1788 hapakuwa na kuku Australia. Hesabu ya mifugo ya walowezi wa kwanza, Mei mwaka ule, inaonyesha kuku wakubwa 122 na vifaranga 87. Tangu hapo wote wanatoka kwenye boksi la mtu na kitabu cha vipimo. Anayekaribia kienyeji ni yule wa visiwani: kwenye visiwa vya Cocos, katika Bahari ya Hindi, kuku wanazurura bila mwenyewe, na North West, kisiwa kidogo kwenye miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef, walikuwako kuku walioachwa na wachimba mbolea ya ndege mwishoni mwa karne ya 19, na miaka ya 1960 watafiti walikwenda huko kuwatazama wanavyoishi bila binadamu. Hebu fikiri, wataalamu wanapanda boti kwenda kuona kuku anayejitafutia, anayeatamia na kumkimbia mwewe bila kufundishwa. Kuku huyo yuko nyuma ya jiko la shangazi yangu.

Wetu wamekaa Afrika Mashariki zaidi ya miaka elfu moja, na njaa, jua na mwewe vimewachagua kuliko kitabu chochote. Kishingo asiye na manyoya shingoni anatoa joto mwilini vizuri kuliko mwenye manyoya. Kidimu manyoya yamejikunja. Kibwenzi ana kishungi kichwani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamekwisha kuwapima na kuwaandika: kuchi, singamagazi, ching'wekwe, mtewa. Mzee, kabla hajafariki, nilimwonyesha picha ya kuchi wa binamu yangu wa Shinyanga kwenye simu. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Huyu mmempata wapi?" Kwa uzoefu wa macho yake alikuwa anamwona kuku wa kupigana wa Asia, na hakukosea: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuchi wana undugu na kuku wa kupigana wa upande huo. Akaniuliza mnafuga wangapi, nani anaandika daftari. Nikanyamaza, nikajifanya natengeneza mto.

Sina ugomvi na chotara kama Kuroiler wala Sasso. Anayetaka nyama na mayai ya haraka afuge, watoto waende shule. Ila makala iseme na la pili: chotara ni kuku wa kununua. Ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe, watoto hawafanani na wazazi, na matetea wengi hawaatamii. Mwaka ambao vifaranga wa kiwandani wamepanda bei au barabara imekatika, wewe huna jogoo, huna kuku wa kulalia mayai, una banda. Na ile sentensi yenu kwamba "kienyeji wanakufa hovyo" naipinga. Kinachowamaliza ni kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, na kideri hakiulizi ukoo. Chotara naye anakufa, tena mapema. Dawa yake mnayo. Chuo Kikuu cha Queensland, huku huku Australia, ndicho kilichotengeneza chanjo ya I-2 inayovumilia joto, kwa ajili ya kuku wa vijijini kama wetu, na mbegu ya chanjo ikatolewa bure kwa nchi zetu. Tanzania inaitengeneza yenyewe. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, bei yake haifiki hata ya yai. Wifi yangu anachanja kitongoji kizima akiwa na kichupa na kanga ya kuwafunikia kuku macho. Kwake kuku hawafi hovyo.

Ninachoomba ni kidogo. Kila kijiji kinachopokea chotara kiache kitongoji kimoja bila jogoo wa kigeni, na humo majogoo wa kienyeji wasipungue watano, watoke nyumba tofauti, wabadilishane mabanda kila mwaka kama mapora wangu. Mwenye daftari aandike. Na gazeti lako, Mhariri, badala ya picha ya kuku weupe wa tangazo kila wiki, lichapishe kuku wa mkoa mmoja mmoja kwa majina wanayoitwa na wenyeji, tujue waliopo kabla hatujaanza kuulizana waliokuwepo.

La mwisho ni la haraka. Wifi ameniandikia juzi kwamba jogoo wa kishingo wa nyumbani, yule mwekundu, pengine ndiye kishingo wa mwisho pale kitongojini, yupo, ila ameshaahidiwa kwa mgeni wa Jumapili. Nimemtumia hela anunue mwingine wa kitoweo, lakini mgeni ni baba mkwe na wifi anaogopa. Kama mwandishi wenu wa Singida anaweza kupita Mkalama kabla ya Jumapili na kamera, nadhani jogoo akishapigwa picha ya gazeti hatachinjwa.

Ni mimi,
Mama mfugaji,
Ballarat, Victoria, Australia